Kutafuta kazi ya taaluma ugenini kwa lugha ya kubabaisha

Ndugu Mhariri,

Kila magazeti yanapogusia kazi za nje, msomaji hupewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza humwambia Kiingereza kinatosha, atume maombi tu. La pili humwambia asithubutu kusogea mpaka lugha ya wenyeji imkae mdomoni. Majibu yote mawili yamewagharimu watu wenye shahada nzuri miaka na akiba zao. Sisi ambao maombi ya wataalamu wa kigeni ndiyo kazi yetu ya kila siku tunaomba nafasi tueleze mambo yalivyo.

Lugha hudaiwa na wakubwa watatu, na kila mmoja ana kipimo chake. Yuko uhamiaji anayetoa viza. Iko bodi ya taaluma inayotoa leseni, iwapo taaluma yako inahitaji leseni. Halafu yuko mwajiri, anayetaka kujua kama mtaelewana na wenzako Jumatatu asubuhi kazi ikianza. Mtu akiuliza "Kijerumani ni lazima?" bila kusema ni kwa nani kati ya hao watatu, hata anayejua atamjibu nusu tu.

Wengi hushangaa kusikia kwamba uhamiaji mara nyingi ndiye mpole kuliko wote. Ujerumani hutoa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu, kwa kuangalia shahada inayotambuliwa, mkataba wa kazi na mshahara uliofikia kiwango kilichowekwa. Cheti cha Kijerumani hakidaiwi. Uholanzi nayo, kwa mhamiaji mwenye ujuzi wa juu, haiulizi Kiholanzi. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina kibali kinachoitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, kinachomruhusu mtu kuingia nchini na kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja, huku akiruhusiwa kufanya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Kwa upande wa lugha, kwa anayekiomba kwa njia ya pointi, sharti la chini ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha huanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea), mbali na masharti ya elimu na ushahidi wa fedha za kujikimu. Japani, katika mfumo wake wa pointi kwa wataalamu wa ngazi ya juu, mwombaji anahitaji pointi 70. Cheti cha Kijapani cha N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa JLPT, humwongezea 15, na cha N2, ngazi inayoifuata, humwongezea 10. Hapo lugha inakubeba ukiwa nayo, lakini usipokuwa nayo unaweza kufikisha pointi kwa elimu, uzoefu, umri na mshahara.

Bodi za taaluma haziko hivyo, na hapa ndipo watu wa afya wanapoumia. Daktari wa kigeni anayetaka leseni Ujerumani kwanza huonyesha Kijerumani cha kawaida cha B2, kisha hufanya mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1. Mtihani huo una sehemu tatu za dakika 20 kila moja. Kwanza unazungumza na mtu anayeigiza mgonjwa na kuchukua historia yake. Kisha unakaa na kuandika barua ya kitabibu juu ya mgonjwa huyo huyo. Mwisho unamweleza daktari mwenzako habari zake na kujibu maswali. Wanaoanguka si wale wasiojua majina ya magonjwa, maana hayo ni Kilatini na Kigiriki na yanafanana kila mahali. Wanaanguka kwa sababu mgonjwa haji na Kilatini. Mgonjwa husema tumbo linamkata, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na daktari aliyejifunzia vitabuni hubaki akitafuta neno ambalo mgonjwa hakulisema. Anayejiandaa kwa mtihani huu na aanze na maneno ya watu wa kawaida juu ya miili yao, aje kwenye istilahi baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi yoyote, fungua orodha ya taaluma zinazodhibitiwa, yaani zinazohitaji leseni, ya nchi unayoiendea. Udaktari, uuguzi, ufamasia, uanasheria na ualimu wa shule za umma huwa ndani yake karibu kila mahali. Uandishi wa programu za kompyuta, uchambuzi wa takwimu, kemia ya viwandani na uhasibu wa kuajiriwa kwa kawaida haumo. Uhandisi hutofautiana, kwani kuna nchi ambako kazi ni huru lakini cheo cha "mhandisi" ndicho kinacholindwa na sheria. Muuguzi na mwandishi wa programu wanaokaa darasa moja la lugha na kufuata mpango mmoja, mmoja wao anapotea.

Sasa twende kwa mwajiri, kwa kuwa huko ndiko maombi mengi yanakofia.

Tangazo la kazi linasomwa mara mbili. Mara ya kwanza tazama lugha liliyoandikiwa. Kampuni iliyoandika tangazo lake lote kwa Kiingereza katika nchi isiyo ya Kiingereza imeshakwambia kitu. Mara ya pili tazama neno lililobeba sharti la lugha. "Lazima" na "itakuwa faida" ni maneno mawili yenye umbali mkubwa, na mwombaji aliyezoea kukata tamaa huyasoma kama kitu kimoja. Kisha uliza kazi yenyewe inamgusa nani. Ikigusa wenzako tu, lugha ya kampuni inatosha. Ikigusa wateja, wagonjwa, wazazi wa wanafunzi au ofisi za serikali, tangazo la Kiingereza lisikudanganye. Utahitaji lugha ya wenyeji ndani ya miezi michache.

Bado usitume. Mwandikie mhusika wa ajira swali la mistari miwili: vikao vya timu huendeshwa kwa lugha gani, na nyaraka za kazi zimeandikwa kwa lugha gani? Mambo hayo mawili watu huyachanganya. Ziko timu zinazokutana kwa Kiingereza huku maelekezo ya usalama, mikataba ya wateja na kumbukumbu za miaka 10 zikiwa kwa lugha ya nchi. Mtu anaajiriwa kwa vikao, halafu anakwama kwenye kabati la nyaraka. Jibu la swali hilo litakuonyesha ni stadi ipi ujifunze kwanza, kusoma au kusikiliza.

Uholanzi kuna hatua moja ya ziada, na ni ya bure. Kwa kibali cha mhamiaji mwenye ujuzi wa juu tulichokitaja, mwajiri hana budi kuwa mdhamini aliyetambuliwa na idara ya uhamiaji, IND, na idara hiyo huchapisha mtandaoni orodha ya wadhamini wote. Kampuni isiyomo italazimika kwanza kuomba utambuzi na kuulipia, na kampuni ndogo nyingi hazitafanya hivyo kwa ajili ya mtu mmoja. Tafuta jina la kampuni katika orodha hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa barua. Ukiona maombi 50 yamerudi bila jibu, huenda lugha haikuhusika kabisa.

Wasifu wako, yaani CV, uandike kwa lugha ya tangazo. Sehemu ya lugha ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Watu huandika "nzuri", "ya wastani", au huchora nyota tano na kupaka rangi tatu. Anayesoma hawezi kulinganisha nyota zako na za mwingine. Tumia mizani ya Baraza la Ulaya yenye ngazi sita, A1 hadi C2, iliyochapishwa 2001 na inayoeleweka sasa hata nje ya Ulaya. Andika kama hivi: "Kijerumani: kusoma B1, kuzungumza A2, mtihani wa B1 mwezi wa sita." Mstari huo una mambo matatu ambayo mwajiri anayataka: ulipo, unakokwenda, na tarehe. Kwa Kijapani taja ngazi ya JLPT, lakini ujue mtihani huo hauna sehemu ya kuzungumza, na waajiri wa huko wanalijua hilo. Mwenye N2 asiyeweza kujitambulisha kwa mdomo hugundulika dakika ya kwanza.

Kuna kosa jipya ambalo limeletwa na programu za kutafsiri. Mwombaji wa A2 anatuma barua ya maombi ya ngazi ya C1, imenyooka kama ya mwandishi wa habari. Kesho yake simu inaita, na anayepiga anazungumza kwa kasi ya barua ile. Mwombaji anababaika, na mwajiri haoni mtu anayejifunza lugha, anaona mtu aliyedanganya. Barua iandikwe kwa lugha unayoimudu, kisha weka aya moja fupi ya lugha ya wenyeji uliyoiandika mwenyewe, hata ikiwa na kosa la sarufi. Aya hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za mashine.

Juu kabisa ya barua, eleza hali ya kibali chako kwa sentensi mbili. Kampuni ndogo huogopa utaratibu isiyoujua kuliko inavyoogopa lugha yako. "Nina shahada inayotambuliwa nchini kwenu, kwa mshahara mliotangaza naweza kuomba Kadi ya Bluu, na ushahidi wa shahada nimeuambatisha." Mwajiri akisoma hivyo anajua kazi ya kupekua sheria imeshafanywa. Kwa Ujerumani ushahidi huo hupatikana kwenye anabin, hifadhidata ya mtandaoni ya vyuo na shahada za nje. Tafuta chuo chako kwanza: alama H+ ni chuo kinachotambuliwa, H- hakitambuliwi, na H+/- inahitaji uchunguzi zaidi. Kisha itafute shahada yenyewe uone inalinganishwa na ipi ya huko. Chapisha kurasa zote mbili, maana ya chuo pekee haitoshi. Kama shahada haimo, omba tathmini ya cheti kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini elimu ya nje, na uombe mapema, kabla ya kupata ofa na si baada ya kuipata.

Nyaraka zina mpangilio wake, na ukiukosea unalipa mara mbili. Cheti cha asili huthibitishwa kwanza, kwa apostili, yaani uthibitisho wa hati unaokubalika kati ya nchi wanachama, ikiwa nchi yako na unayoiendea zote zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, au kwa mhuri wa wizara na ubalozi ikiwa hazimo. Baada ya hapo ndipo kinapokwenda kwa mfasiri aliyeapishwa. Ukitafsiri kwanza na kupiga mhuri baadaye, tafsiri yako haina habari ya mhuri, na ofisi ina haki ya kuirudisha. Tazama pia majina. Cheti cha chuo chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili, au herufi moja iliyopotea, husimamisha faili kwa wiki nyingi. Hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja iandaliwe mapema na itafsiriwe pamoja na vingine.

Usaili nao una ufundi wake. Andaa dakika mbili za lugha ya wenyeji: jina, kazi unayoifanya, jambo moja ulilolikamilisha na matokeo yake, na kwa nini umewaomba wao. Zifanyie mazoezi mpaka zitoke bila kusoma. Kisha uwe na sentensi ya kuvukia: "Kwa maswali ya kitaalamu naomba niendelee kwa Kiingereza ili nijibu kwa usahihi." Ukiisema wewe mapema, umepanga mwenendo wa kikao. Ukisubiri mpaka ukwame, umeshikwa. Omba usaili wa video badala ya simu, kwa sababu midomo na uso wa anayesema husaidia sikio kuliko watu wanavyodhani, na vaa vipokea sauti vya masikioni ili mwangwi wa chumba usikule maneno.

Na usitikise kichwa kwa usichokielewa. Hili tunalisema kwa uchungu kwa sababu ni adabu njema inayogeuka sumu. Kwetu kumkatiza mkubwa anayezungumza si heshima, basi mtu anaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka anaulizwa swali ambalo jibu lake si ndiyo. Kuomba kurudiwa kunakubalika, ila kuwe mahususi: "Nimeelewa habari ya mradi, sehemu ya ratiba naomba urudie." Anayesema hivyo ameonyesha kwamba anafuatilia, na kwamba hata kazini hataficha asichokijua.

Namba ni mtego wa peke yake. Mjerumani akisema "halb drei", neno kwa neno "nusu tatu", anamaanisha nusu ya kuiendea tatu, yaani 2:30. Mwenye Kiingereza kichwani husikia 3:30. Msemaji wa Kiswahili ana kazi ya ziada, maana 2:30 hiyo kwake ni saa nane na nusu, kwa hiyo akili inahesabu mara mbili ndani ya sekunde moja. Waholanzi nao husema hivyo hivyo. Namba za tarakimu mbili kwa Kijerumani hutamkwa nyuma mbele: 54 ni "nne na hamsini". Mtu aliyetajiwa mshahara wa 54,000 akaandika 45,000 atakuja kujadiliana akianzia pabaya. Saa, tarehe na fedha ziombwe kwa maandishi baada ya mazungumzo, kila mara, bila haya.

Kujifunza lugha kunachukua muda gani? Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani, inakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufika B1, na 600 hadi 800 kufika B2. Kwa vipindi 10 kwa wiki, B1 ni kati ya wiki 35 na 65. Anayeahidi B2 ndani ya miezi mitatu kwa mtu anayeanzia sifuri huku ameajiriwa kutwa nzima, anauza karatasi. Kwa mtaalamu asiyehitaji leseni, ushauri wetu ni asisubiri B2 ndipo aombe. Afike A2, aanze kuomba, na aendelee kujifunza. Kitabu chake cha pili kiwe matangazo ya kazi yenyewe: akusanye 20 ya fani yake, atoe vitenzi vinavyojirudia, ajifunze hivyo kabla ya msamiati wa sokoni na wa likizo.

Lugha inalipa hata baada ya kuajiriwa. Mwenye Kadi ya Bluu Ujerumani anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na A1, na baada ya miezi 21 akiwa na B1. Miezi sita ya maisha imewekwa mezani kwa cheti kimoja.

Watafiti wana njia yao. Nafasi za uzamivu za mpango wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS, ni ajira ya mkataba, na lugha ya kazi mara nyingi ni Kiingereza. Ila kuna sharti ambalo limewaponza waliokwenda mapema: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli yake kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi inayomwajiri. Aliyekwenda kukaa huko mwaka mmoja na nusu akisomea lugha amejifungia mlango aliokuwa akiutengenezea ufunguo.

Tusisahau pia kwamba kuna kazi ambazo Kiswahili ndicho sifa yenyewe. Shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle, lina idhaa ya Kiswahili, NHK ya Japani vilevile, na vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya na Marekani hufundisha Kiswahili. Nafasi ni chache, lakini ziko, na mwenye shahada ya lugha au habari asijione hana cha kuuza.

Mkataba ukija, usisaini ulichosomewa. Mingi huja kwa safu mbili za lugha, na mahali fulani karibu na mwisho kuna kifungu kinachosema ni maandishi ya lugha ipi yatakayofuatwa mkikosana. Mara nyingi ni ya wenyeji. Hayo ndiyo yafasiriwe na mtu wako. Angalia mshahara kama ni kabla au baada ya makato, na kipindi cha majaribio, ambacho Ujerumani kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake ajira huvunjwa kwa notisi ya wiki mbili. Waliogharimiwa kozi ya lugha watafute kifungu cha kurejesha gharama: ukiondoka kabla ya muda fulani, unadaiwa. Kiasi kiandikwe, na kiwe kinapungua kadiri miezi ya kazi inavyoongezeka. Kifungu kisicho na kiasi wala muda kikataliwe.

Kuhusu mawakala, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997, ibara ya 7, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Nchi zina ruhusa ya kuweka vighairi, lakini anayekudai pesa kabla hujaona mkataba wenye jina la mwajiri, au anayetaka kubaki na pasipoti yako, ni wa kukimbiwa.

Tuna ombi moja kwako, Mhariri. Gazeti lako linapochapisha tangazo la kazi ya nje, mdai mtangazaji mistari mitatu kabla hujapokea malipo yake: lugha ya vikao na ya nyaraka ni ipi, leseni ya taaluma inadaiwa au haidaiwi, na gharama za viza na kozi ya lugha analipa nani.

Ni sisi wasomaji wako,
Washauri wa ajira za wataalamu ughaibuni